Nyumba ya Watu Sita

Jumatatu, saa tatu asubuhi, fundi terazo aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya kibanda cha gari, akaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi, akamwambia Shangazi kwamba amekuja kuweka kipandio cha kumi na saba. Shangazi alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Akamwambia akae kwanza anywe chai. Fundi akasema chai ataikuta hapo hapo, haina miguu. Akavua viatu. Sakafu ile aliisugua kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa kijana, miaka hamsini na ushee iliyopita, na tangu hapo hakuwahi kuikanyaga na viatu.

"Safari hii nani kasema nini?" akauliza.

"Wakili alileta wageni jana. Akawaambia wao wamelelewa humu na baba na mama, basi, hapakuwa na mtu mwingine wa kuwasaidia."

Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saruji imeadimika. "Hiyo ni sentimita kumi na nane," akasema. "Ngoja nikapime."

Akapima. Zikawa kumi na nane.

Nyumba ile ilijengwa kwa mtindo uliokuwa mpya enzi zile, na watu walikuwa wakisimama barabarani kuitazama. Paa lake lilikuwa bapa kama meza, halina bati wala kigae, zege tupu. Upande wa bustani haukuwa na ukuta bali kioo kuanzia sakafuni hadi darini, hata majirani wakasema mwenye nyumba, daktari wa meno, amejijengea duka. Paa lilishikwa na nguzo za chuma nyembamba kama miguu ya korongo. Upande unaopigwa na jua la alasiri, mchora ramani aliweka ukuta wa matofali ya matundu, ili upepo uingie na jua libaki nje. Kati ya jikoni na meza ya kulia alikata kidirisha chenye kilango cha kusukuma pembeni, ili chakula kipite na anayekipika asipite. Na katikati ya nyumba, badala ya sebule kama sebule za watu, alichimba shimo la mraba lenye vipandio vitatu, akalizungushia makochi ya zege yenye mito, ili mtu akishuka na kuketi macho yake yawe sawa na majani ya bustani. Sakafu yote, na vipandio vyote, vilikuwa vya terazo: kokoto nyeupe na nyeusi, na za kijani chache chache, zimezama kwenye saruji na kusuguliwa mpaka unaona uso wako.

Mchora ramani huyo hakuamini vitu vya kuhamishahamisha. Kila kitu alikijenga kikae pale pale milele. Ndiyo maana kabla ya kuchora aliuliza swali moja tu, tena alilirudia mara mbili: humu wataishi watu wangapi?

Siku hiyo walikuwa wamesimama kwenye kiwanja kitupu. Daktari alihesabu kwa kidole. Akajionyesha mwenyewe, akamwonyesha mkewe, akawaonyesha watoto watatu waliokuwa wakirushiana udongo. Kisha akamwonyesha mdogo wake wa kike, aliyesimama na jagi la maji ya wageni, akasema, "Na huyo hapo mgongoni." Mgongoni mwa dada yake alikuwa amelala mtoto wa nne, kitinda mimba, mwenye miezi mitatu.

"Sita," Daktari akasema.

Mchora ramani akaandika sita, akapiga mstari chini yake.

Dada aliyembeba mtoto ndiye Shangazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuja kwa wiki mbili tu, kwa kuwa wifi yake alijifungua kwa shida na hakuweza hata kuinuka kitandani. Alikuja na sanduku dogo na kopo la vifungo, kwa sababu alikuwa anasomea ushonaji na alikuwa amebakiza mtihani mmoja, ule wa matundu ya vifungo. Mwalimu wake alimwambia mtihani utamsubiri. Sijui ulimsubiri mpaka lini, ila yeye hakurudi.

Basi nyumba ikajengwa kwa watu sita. Mlangoni kulikuwa na kulabu sita za makoti, zimechimbiwa ukutani. Meza ya kulia ilikuwa ya terazo na viti sita vya terazo vilivyoota kutoka sakafuni kama uyoga, huwezi kukisogeza kimoja wala kubananisha cha saba. Bafuni palikuwa na rafu yenye vishimo sita vya miswaki. Shangazi alipoiona hiyo rafu alirudi na mswaki wake jikoni, akauweka kwenye kikombe.

Kaka yake alimwona. Hakuwa mtu mbaya, ni vizuri kulisema hilo mapema. Akamwambia, "Mchora ramani akirudi tutamwambia aongeze chumba chako. Ni kazi ya mstari mmoja tu." Kwa sasa, akasema, alale kwenye chumba cha kupigia pasi.

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa hatua mbili kwa tatu, nyuma ya jikoni, na ukuta wake wa nje ulikuwa ule wa matofali ya matundu. Matundu arobaini na nane. Mvua ya upepo ikija ilikuwa inaingia kwa matundu yote arobaini na nane, na Shangazi akaanza kuyaziba moja moja kwa alivyokuwa navyo: tundu la kitana, tundu la nyuzi, tundu la sabuni, tundu la picha ya mama yake aliyoikunja mara nne. Watoto walipoanza kung'oka meno, yeye ndiye aliyeyatunza, kila mtoto na tundu lake, maana baba yao alikuwa akiona meno ya watu kutwa na hakutaka kuyaona tena nyumbani. Mchora ramani alisafiri kwenda kwao na hakurudi.

Shimo lilianza kushuka wiki ile ile waliyohamia. Daktari aliwaalika watu, akasimama kwenye kipandio cha juu na glasi mkononi, akasema, "Sisi sita tunawakaribisha nyumbani kwetu." Watu wakapiga makofi. Shangazi alikuwa nyuma ya kidirisha anapanga sahani. Asubuhi yake wifi alishuka na kikombe cha maziwa, mguu ukatafuta sakafu usiipate, akakaa kitako. Sebule ilikuwa imeenda chini kwa kimo cha kipandio kimoja, na makochi yake, na mito yake, hakuna kilichopasuka. Daktari akaja, akainama, akalichungulia shimo kama anavyochungulia kinywa cha mtu, akasema udongo bado unatulia. Akamwita fundi aongeze kipandio.

Kipandio kile cha nne kiliingiwa na kiputo cha hewa ukingoni, kikaacha kishimo kama cha ukucha. Fundi alikuwa anatafuta kokoto ya kukijaza. Shangazi akasukuma kilango cha kidirisha, akampa kifungo kimoja cheupe kutoka kwenye kopo lake. Fundi akakipachika, akakisugua kwa mkono kukizunguka, polepole, mpaka kikawa sawa na terazo. Kikapendeza. Tangu siku hiyo, kila kipandio kilichoongezwa kilipewa kifungo.

Na viliongezwa. Mpiga picha alipoletwa kupiga picha ya familia, Shangazi akiwa ndiye aliyewavalisha wote na kumshika mtoto kidevu kisha kuruka nje ya picha, shimo lilishuka. Karani wa sensa alipokuja, akauliza wangapi wamelala humu jana, Daktari akasema sita, na Shangazi alikuwa amekwenda sokoni; aliporudi na kikapu alikuta fundi ameshaitwa. Kadi za harusi ya mtoto wa kwanza zilipochapishwa, likashuka. Halikushuka alipotukanwa, maana wifi yake akiwa na hasira alikuwa na ulimi, wala halikushuka alipougua. Lilishuka tu pale watu wa nyumba walipohesabiwa na yeye akaachwa.

Fundi ndiye aliyeligundua hilo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzungukazunguka akamwambia Daktari siku anaweka kipandio cha saba. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza kipandio kimoja kinachukua muda gani.

"Wiki," fundi akasema.

"Na kuongeza chumba?"

"Miezi miwili. Tena itabidi uvunje upande wa matundu. Ramani itaharibika kidogo."

Daktari akatazama kile kioo chake kirefu, na bustani nyuma yake. "Weka kipandio," akasema.

Wiki hiyo hiyo, wakati saruji inakauka na hana la kufanya, fundi alimwuliza Shangazi kupitia kidirisha kama angependa Jumapili aende akaione nyumba yake. Alisema ina vyumba viwili na yeye yuko peke yake, na akikaa chumba hiki kile kingine kinamwuliza maswali. Shangazi alicheka. Akasema atakwenda, ila si Jumapili hii, watoto wana mitihani. Watoto walikuwa wanne na mitihani ilikuwa mingi. Baadaye fundi alioa, akafiwa, akazeeka, na Jumapili ile haikufika.

Kadiri shimo lilivyokwenda chini, familia ilizoea. Lilipofika vipandio tisa walianza kuwasha taa mchana. Wifi akaacha kushuka kwa sababu ya magoti, akawa anaketi ukingoni na kuongea na wageni wake walioko chini. Sinia la chai likawa taabu kulibeba, ndipo fundi akafunga kapi darini, na kamba, na kapu, kwa hiyo Shangazi akawa anatoa sinia kidirishani, analiweka kwenye kapu na kushusha taratibu, na wakimaliza wanaitikisa kamba mara mbili naye anavuta. Wageni walisema ni ubunifu mzuri. Mchora ramani alikuwa amepanga dari liwe na mteremko kidogo kuelekea jikoni, ili mwenye nyumba akiwa anapika asikie maongezi. Kwa hiyo kila neno lililosemwa shimoni Shangazi alilipata kidirishani, safi kabisa. Shimo lile lilipandisha sauti vizuri. Kushusha ndiyo ilikuwa shida.

Daktari alipofariki shimo lilikuwa na vipandio kumi na kimoja. Kwenye mazishi mtoto wa kwanza, ambaye sasa ni wakili, alisoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa mrefu. Ulitaja shule zote alizosoma na hata mbwa wake. Ulisema ameacha mke na watoto wanne. Dada hakutajwa, na walikuwa wamezaliwa wawili tu. Shimo likashuka vipandio vitatu kwa mpigo, na fundi akafanya kazi wiki tatu. Wifi alipofuata, miaka sita baadaye, wasifu wake ulisema ameuguzwa na wanawe mpaka dakika ya mwisho. Viwili.

Watoto wawili wa katikati wanaishi mbali, ng'ambo, na wanapiga simu sikukuu. Wakili anaishi upande wa pili wa mji. Kitinda, yule wa mgongoni, ana mume na binti mmoja, na wanakaa kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga. Kwa hiyo tangu wifi afe aliyekuwa akilala kwenye nyumba ile ni mtu mmoja. Alikuwa akilala kwenye chumba cha kupigia pasi. Vyumba vinne vingine alivifagia kila asubuhi na kufunga milango.

Hayo yote yalikuwa hivyo siku fundi alipokuja kuweka kipandio cha kumi na saba. Alipokuwa anachanganya kokoto, Shangazi akamwambia habari ya fomu.

Ofisi ya majengo ya kumbukumbu ilikuwa inataka kuichukua nyumba na kuihifadhi, irudishwe kama ilivyochorwa, watu waje kuitazama. Kibao chenye jina la Daktari kingewekwa getini. Wakili alilitaka jambo hilo kuliko chochote. Sheria ya ofisi ilikuwa nyepesi: mtu anayeishi ndani ya nyumba siku fomu inapojazwa, akiandikwa kwenye mstari wa mkazi, ataachwa akae chumbani mwake mpaka mwisho wa maisha yake. Ila nyumba zenye wakazi zilisubiri foleni, na nyumba tupu zilichukuliwa mwaka huo huo.

"Umeongea nao?" fundi akauliza.

"Nimeongea na Kitinda."

Na kweli alikuwa ameongea naye. Alimwita jikoni, akamkalisha kwenye stuli. Shangazi hakuwa na mazoea ya kuomba kitu, kwa hiyo aliomba kama mtu anayetoa maelekezo ya dukani.

"Mama, hiyo fomu ina mstari wa mkazi. Nataka niandikwe hapo. Hicho tu."

Kitinda alimshika mikono yote miwili. "Nitasema, Shangazi. Nitaachaje kusema? Si wewe uliyenibeba?"

"Usiseme nilikubeba. Sema naishi humu."

"Nitasema hivyo hivyo."

Fundi alisikiliza huku anakoroga. Akaomba kifungo. Shangazi akampa cha kahawia chenye matundu manne, na kopo lilipotikisika lilitoa sauti ya vitu vichache.

Afisa wa majengo alikuja Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni. Alikuwa kijana mwenye heshima, mwenye tepu ya kupimia kiunoni, na aliipenda nyumba kwa dhati. Alipapasa kioo, akahesabu kulabu, akakaa kwenye kila kiti cha uyoga. Alipofika kwenye kidirisha cha jikoni alifungua na kufunga kilango chake mara tano. Shangazi alikuwa upande wa pili, na kila kilipofunguka afisa alimwamkia tena, shikamoo, naye akaitika marahaba. Kisha wote watatu, afisa na Wakili na Kitinda, wakashuka shimoni kujaza fomu, maana Wakili alitaka ijazwe pale baba yake alipopenda kuketi.

Shangazi alipanga sinia. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akishusha vikombe vya walioko chini, si zaidi. Siku hiyo chini kulikuwa na watu watatu. Akaweka vikombe vinne. Akakiangalia kile cha nne, akakigeuza mkono wake uelekee upande mmoja na vingine, akaweka sinia kwenye kapu na kuanza kulegeza kamba.

Chini afisa alikuwa anasoma kwa sauti na Wakili anajibu. Mwaka wa ujenzi. Jina la mchora ramani. Idadi ya watu waliokusudiwa. "Sita," Wakili akasema, na afisa akasema naam, inaonekana, ni kazi safi sana, hakuna kilichozidi.

"Mkazi wa sasa?"

Shangazi alisikia kikohozi kidogo. Kikohozi hicho alikijua tangu mwenye nacho akiwa na miezi mitatu; ndicho kikohozi chake akitaka kusema kitu na akaamua kulala. Kamba ilisimama mikononi mwake.

"Hakuna," Wakili akasema. "Tangu mama afariki nyumba iko tupu."

Kamba ikaendelea. Kapu likatua mezani kwao.

"Na hii chai?" afisa akauliza.

"Ah, huyo ni shangazi yetu. Yeye yupo tu."

Afisa akaandika: hakuna. Sebule ikashuka sentimita kumi na nane, taratibu, kama lifti ya zamani, na chai haikumwagika. Afisa akasubiri itulie, akauliza kama hilo limo kwenye ramani ya awali. Wakili akasema nyumba ni ya siku nyingi. Afisa akaandika pembeni kwamba sebule inashuka.

Walianza kumimina. Kisha sauti ya Kitinda ikapanda, nyororo, ya mtu anayefurahi kupata la kusema.

"Shangazi, umezidisha kikombe."

Kamba ikatikisika mara mbili. Shangazi akavuta. Ndani ya kapu kulikuwa na kikombe kimoja juu ya kisahani chake, kisafi, kikavu, mkono umeelekea upande ule ule aliouelekeza yeye. Kisha akasikia makochi ya zege yakikwaruza kidogo, shimo linakwenda chini tena kwa kimo kile kile.

Akaingiza kichwa kidirishani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Sikuzidisha," akasema.

Inawezekana hawakusikia. Tayari walikuwa mbali.

Akakiosha kile kikombe, ingawa hakikuwa kimetumika, akakirudisha kabatini.

Wakati wa kutoka walikuta ukuta mtupu pale vilipopaswa kuwa vipandio viwili vya chini. Wakili alikanyaga goti la afisa akapanda, akawavuta wenzake kwa mkono. Afisa alisema ana mkutano mahali pengine, akamshukuru Shangazi kwa chai.

Mafundi wa ofisi walikuja mwezi uliofuata na ramani iliyokunjwa. Walikuwa watu wa kazi, hawakuwa na kiburi. Waliitandaza juu ya kitanda cha Shangazi, wakamwonyesha: hapa ni pasi, hapa ni meza ya pasi, hapa ni ukuta wa matundu. Kitanda hakimo. Matundu nayo yanatakiwa wazi, ndiyo kazi yake, kupitisha upepo. Shangazi akayazibua mwenyewe moja moja. Kitana, nyuzi, sabuni, mama. Mmoja wa mafundi alikuta meno ya watoto, akauliza ni ya nani. Shangazi akamwambia ni ya watu waliokuwa wakiishi humu. Yule mtu wa ofisi akayapeleka kwao, na sasa yako kwenye sanduku la kioo karibu na mlango wa nyumba ile, seti nne, yameandikwa kuwa ni mkusanyo wa daktari.

Kitinda alikuja kumchukua kwa teksi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema alitaka kusema, Shangazi, wallahi neno lilikuwa hapa ulimini, akaonyesha. Shangazi akasema anajua, alikisikia kikohozi.

"Utakaa na sisi," Kitinda akasema. "Wiki mbili tu, mpaka tupange."

Shangazi akaenda kuchukua sanduku lake dogo. Lilikuwa lile lile, na vitu vikaingia vyote.

Nyumba sasa inatembelewa. Kibao kipo getini, na chini ya jina la Daktari kimeandikwa kwamba ni nyumba ya watu sita. Kijana wa kuongoza wageni anawaingiza wakiwa wamevaa soksi. Anawaonyesha kidirisha, anawaambia zamani familia ilijipitishia chakula yenyewe, kwa raha. Anawaonyesha chumba cha kupigia pasi, na pasi. Anawashusha shimoni na kusema mchora ramani alikuwa na mapenzi ya kina, na kwamba vile vifungo kwenye vipandio, hebu viguseni, ni utani wake, alikuwa mtu wa utani sana. Mwisho anasema humu waliishi watu sita. Analisema hilo mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Fundi terazo ameajiriwa moja kwa moja.

Ni yeye fundi aliyemletea Shangazi habari hizo, maana alikuwa anakuja kuomba vifungo. Alikuwa anapanda ngazi za ghorofa tatu na baiskeli yake begani, kwa kuwa chini wezi hawalali. Kopo likawa linapungua. Lilipoisha Shangazi aligeuza kitako chake juu, likatoa vumbi, basi.

Kwa Kitinda alikuwa analala sebuleni, nyuma ya kochi, na asubuhi anakunja godoro kabla watu hawajaamka. Wiki mbili zilikuwa zimepita zamani. Kitinda alikuwa anamkumbatia kila akitoka kazini. Jumanne moja mke wa mwenye jengo alikuja kuchukua majina ya wapangaji, akauliza mko wangapi humu. Kitinda alikuwa na haraka, maji yalikuwa yanachemka. "Watatu," akasema.

Asubuhi mtu wa ghorofa ya pili alibisha hodi. Hakuwa na ugomvi. Alitaka tu kuwaarifu kwamba dari lake limeshuka, si sana, lakini yeye ni mrefu na amejigonga kwenye taa mara mbili tangu alfajiri. Kitinda akamwomba radhi. Alipogeuka kurudi sebuleni ili aone, mguu ukatafuta sakafu usiipate.

Akamtuma binti yake amwite fundi.

Fundi alifika, akaegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu. Akapima. Akamtazama Shangazi, aliyekuwa amesimama kule chini karibu na godoro lililokunjwa. Hakumwomba kitu. Shangazi akapeleka mkono kifuani, akakata uzi kwa meno, akampa kifungo cha juu cha gauni lake. Akatoa pini kwenye upindo, akalifunga gauni.

"Mko wengi humu?" fundi akamwuliza Kitinda, akiwa amepiga magoti anafuta vumbi. "Nataka kujua upana wa kipandio. Mko wangapi?"

Kitinda alikuwa anatafuta funguo zake kwenye mkoba.

"Watatu tu, fundi. Weka cha kawaida."

Fundi akapima tena. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake, akasema anashuka kwenda kuleta mfuko wa pili wa saruji.